Jinsi ya kusoma elektroliti ukianzia kwenye bondi

Nafundisha kemia kwa wanafunzi wa uuguzi, na daftari zao huwa zimejaa namba za kukariri za elektroliti, yaani vitu ambavyo vikiyeyuka majini hutoa chembe zenye chaji ya umeme: sodiamu 135 hadi 145, potasiamu 3.5 hadi 5.0, zote kwa milimoli (kipimo cha idadi ya chembe; milimoli elfu moja ni moli moja) kwa lita moja ya damu. Namba hizo lazima uzijue. Lakini ukizikariri kabla hujaelewa bondi, yaani kile kinachoshikanisha atomi, zitakuponyoka siku utakapokutana na dripu usiyoizoea. Ndiyo maana mimi huanza na swali moja: kitu hiki kikiingia majini, atomi zake zitaachana au zitabaki zimeshikana?

Chukua kalamu uandike NaCl. Sodiamu ina elektroni moja tu kwenye gamba lake la nje. Klorini ina saba na inahitaji nane. Sodiamu inaachia ile moja na kubaki na chaji chanya, klorini inaipokea na kuwa kloridi yenye chaji hasi. Chembe zenye chaji namna hii huitwa ioni. Hizi mbili zinavutana, na mvutano huo ndio bondi ya ioni. Sasa weka maji. Molekuli ya maji ina uhasi kidogo upande wa oksijeni na uchanya kidogo upande wa haidrojeni, kwa hiyo oksijeni zinaigeukia sodiamu na haidrojeni zinaigeukia kloridi, mpaka kila ioni imezungukwa na maji na kutengana na mwenzake. Andika pembeni: chembe 2, zote zina chaji.

Andika tena glukosi, C6H12O6. Hapa hakuna atomi iliyoachia elektroni. Zinatumia elektroni kwa pamoja, yaani bondi za kovalenti. Glukosi inayeyuka vizuri sana, ila molekuli inabaki nzima. Chembe 1, haina chaji, basi si elektroliti. Kuyeyuka peke yake hakutoshi.

Tukishafika hapo, twende kwenye hesabu, na hapa naomba usiharakishe. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 ina gramu 9 za NaCl kwa lita. Moli moja ya NaCl ni gramu 58.5. Gawanya: 9 kwa 58.5 ni moli 0.154, yaani milimoli 154. Kwa kuwa kila moja inatoa chembe mbili, zidisha kwa 2, upate milimoli 308 za chembe. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 kwa lita. Moli moja ni gramu 180, hivyo unapata milimoli 278, na hapo huzidishi kwa chochote. Damu yenyewe iko karibu na milimoli 285 za chembe. Kwenye karatasi dripu hizi mbili zinafanana, lakini mwilini zinaachana njia. Seli huchukua glukosi na kuitumia, yanabaki maji matupu ambayo husambaa hadi ndani ya seli. Sodiamu nayo, hata ikipenya, husukumwa nje na pampu ya kwenye utando wa seli: sodiamu 3 nje, potasiamu 2 ndani, kila mzunguko. Kwa hiyo maji ya dripu ya chumvi hubaki nje ya seli.

Mtego wanaouangukia wengi ni vitu vyenye bondi za aina zote mbili. Chukua NaHCO3. Wanafunzi huivunja yote, wakaniletea sodiamu, haidrojeni, kaboni na oksijeni. Sivyo. Kinachoachia mara moja ni bondi ya ioni kati ya sodiamu na bikaboneti; bikaboneti yenyewe imeshikwa kwa kovalenti na inatembea nzima kwenye damu. Jibu ni chembe 2. Magnesiamu salfeti vilevile ni 2. Kalsiamu kloridi, CaCl2, ni 3, kwa sababu kalsiamu imeachia elektroni mbili na kila kloridi imepokea moja.

Ukifika kwenye majibu ya maabara, uliza swali lilelile kwa namna nyingine: ioni hii iko huru, na iko upande gani wa seli? Karibu nusu ya kalsiamu ya damu ndiyo iliyo huru. Sehemu kubwa ya iliyobaki imeshikwa na albumini, protini iliyomo kwenye damu. Albumini ikishuka, kalsiamu ya jumla hushuka pia hata kama ile iliyo huru haijaguswa, kwa hiyo soma namba ya kalsiamu na ya albumini pamoja. Potasiamu ni kinyume cha sodiamu: ndani ya seli ni kama 140, nje ni 4 hivi. Chembe nyekundu za damu zikipasuka wakati wa kutoa damu, potasiamu yake humwagika kwenye sampuli na jibu linapanda kwa uongo. Ukiona potasiamu ya juu, mwarifu daktari papo hapo, angalia kama maabara imeandika kwamba chembe nyekundu zimepasuka, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kifanyike, na sampuli nyingine itolewe bila kuchelewa.