Kutoa RNA kwenye tunguu la manjano ili kupima jeni za kurkumini

Rangi ile ile tunayoifuata kwenye manjano ndiyo inayotuharibia kazi. Kurkumini, yaani rangi hiyo, na wanga wa tunguu huganda pamoja na RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi), kisha vimeng'enya vya kupimia vinagoma. Mimi natumia CTAB (aina ya sabuni ya maabara), hivi:

Hatua ya 1. Chimba tunguu likiwa bado linakua, lioshe, likate vipande vidogo na uvitumbukize papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika. Niliwahi kukwepa safari ya shamba nikanunua manjano sokoni. Jeli ya kukagulia RNA ilitoa ukungu mtupu, bila mstari hata mmoja: RNA ilikuwa imeshakatikakatika.

Hatua ya 2. Twanga kwenye kinu kilichopozwa mpaka iwe laini kama unga wa sembe. Gramu 0.1 inatosha. Ukizidisha unajipikia uji.

Hatua ya 3. Bafa (maji ya kutolea RNA): CTAB 2%, PVP (polima inayonasa fenoli) 2%, NaCl 2 M, EDTA 25 mM, Tris 100 mM ya pH 8. Ipashe hadi nyuzi 65, kisha tia beta-merkaptoethanoli 2% ndani ya kabati la kufyonza mvuke (inanuka vibaya mno). Mililita 1 kwa sampuli, dakika 10. Ukiona wekundu usishtuke. Doa la manjano kwenye shuka hufanya hivyo hivyo likikutana na sabuni.

Hatua ya 4. Klorofomu na pombe ya isoamili, 24:1, kisha sentrifuji. Vuta maji ya juu tu, na urudie mpaka utando mweupe wa katikati uishe. Umanjano mwingi utabaki chini.

Hatua ya 5. Tia kloridi ya lithiamu ifikie 2.5 M, ulaze usiku kucha kwenye nyuzi 4. Hapa ndipo wenye haraka wanapoumia: lithiamu huangusha RNA, ikiuacha wanga mwingi ukielea. Asubuhi zungusha, osha kwa ethanoli 70%, yeyusha, tia DNase (kimeng'enya kinachokata DNA iliyobaki). Pima mwanga unaofyonzwa: uwiano wa nanomita 260/280 uwe karibu na 2. Ule wa 260/230 ukiwa chini sana, uchafu bado umo.

Hatua ya 6. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyolenga jeni unayoipima). Jeni ni nne, kila moja na kimeng'enya chake. DCS huunganisha feruloili-CoA na malonili-CoA. CURS1, CURS2 na CURS3 humalizia kurkumini. Watafiti wa Tokyo walizieleza mwaka 2009. CURS hizo zinafanana kama watoto wa tumbo moja, basi lenga ncha ya 3' zinakotofautiana. Unapopima, acha kisima kimoja bila kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA; kikitoa ishara, DNA bado imo, rudi kwenye DNase.