Kutambua, kuainisha na kuhifadhi miti jamii ya mikunde katika misitu ya Tanga: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia wenye vitalu, wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji na wanafunzi wa misitu wanaofanya kazi kati ya Pangani, Muheza, Handeni na Usambara Mashariki. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kuainisha miti ni kazi ya maprofesa na kuotesha ndiyo kazi yetu sisi, hadi kitalu chenyewe kiliponionyesha kwamba kazi hizo ni moja: familia ndogo, yaani fungu ndani ya jamii, ambamo mti umo ndiyo inayokueleza mbegu yake uitendeeje na kiriba chake (mfuko wa kuoteshea mche) ukijaze udongo gani. Jamii ya mikunde ina takriban spishi 19,500 katika jenasi (makundi ya spishi zenye undugu wa karibu) zipatazo 770, na kwa wingi wa spishi inazidiwa na jamii ya okidi na jamii ya alizeti tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuikariri. Kinachowezekana ni kujifunza kuipanga.

Hatua ya kwanza: ruhusa na majira

Katika hifadhi ya serikali, kama ile ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997, omba kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kabla ya kukata hata tawi moja. Katika msitu wa kijiji, nenda kwa serikali ya kijiji. Tembelea miti ileile angalau mara mbili, wakati wa maua na wakati wa maganda, kwa kuwa majani peke yake hudanganya.

Hatua ya pili: uliza jina la wenyeji, uliandike, lakini usiishie hapo

Wazee wa kijiji huujua mti kwa gome, harufu na matumizi yake, na ujuzi huo ni wa kuheshimiwa. Hata hivyo jina moja linaweza kubeba miti miwili, na mti mmoja unaweza kuwa na majina kadhaa. *Afzelia quanzensis* kwetu ni mkongo, lakini ukifika Mombasa utasikia unaitwa mbambakofi. Mbarika kwa mtu wa pwani ni mmea mdogo wa mbegu za mafuta. Kwa Msambaa wa Amani mbarika ni *Isoberlinia scheffleri*, jitu la msituni ambalo mbao zake zimepasuliwa miaka na miaka. Kwa sababu hiyo andika jina, lugha ya aliyekutajia na kijiji chake.

Hatua ya tatu: chukua kielelezo kinachojitosheleza

Kata tawi lenye majani kamili, maua au maganda, na ulichukue mara tatu kutoka mti uleule. Jani la mikunde kwa kawaida limegawanyika vipande vingi, na anayeanza hung'oa kipande kimoja akidhani ni jani zima. Jani zima huanzia pale kwenye kichipukizi kilichokaa kwenye kwapa la kikonyo. Lilaze tawi ndani ya gazeti, ugeuze baadhi ya majani ili upande wa chini uonekane, kisha ubane kwa mbao mbili na kamba. Unyevu wa Tanga huleta ukungu upesi, hivyo badilisha magazeti kila siku, na wakati wa masika kausha juu ya joto dogo la mkaa.

Kabla ya kuondoka, andika yale ambayo tawi kavu halitayasema: tarehe, mahali na vipimo vya GPS, urefu wa mti, unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3, rangi ya maua, na kile kinachotoka ukikwangua gome. Mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu, na alama hiyo pekee imenitoa kwenye mashaka mara nyingi. Harufu unaweza kuinusa, lakini usionje gome usilolijua: mwavi, *Erythrophleum suaveolens*, nao ni wa jamii hii, na gome lake ndilo lililotumika zamani kuwanywesha watuhumiwa wa uchawi.

Nakala moja baki nayo, nyingine zipeleke kwenye hebariamu, yaani nyumba ya mimea iliyokaushwa. Walio karibu na milima wana ile ya Lushoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake, na ya taifa iko Arusha. Inafaa kukumbuka kwamba hebariamu kubwa ya Afrika Mashariki, ambayo sasa iko Nairobi, ilianzia Amani mwaka 1902.

Hatua ya nne: tafuta familia ndogo

Vitabu vya zamani vinaigawa jamii ya mikunde katika mafungu matatu. Mwaka 2017 wataalamu wa mikunde kutoka nchi mbalimbali walichapisha mpangilio mpya wa familia ndogo sita. Moja kati ya hizo, Duparquetioideae, ina spishi moja tu, mtambaazi wa Afrika Magharibi na Kati, kwa hiyo isikusumbue. Tano zilizobaki tunazo.

Anza na jani. Likiwa na ncha mbili zilizoungana kama alama ya kwato ya ng'ombe, hiyo ni Cercidoideae, na kwetu mfano wake ni msegese, *Piliostigma thonningii*. Likiwa limegawanyika mara mbili, yaani uti una matawi na matawi ndiyo yanayobeba vijani (vile vipande vidogo vya jani), uko katika Caesalpinioideae. Hapo tafuta tezi ndogo kama kichwa cha pini juu ya kikonyo au uti, na maua yaliyojaa nyuzinyuzi za stameni, yaani viungo vya kiume vya ua: ukivipata, uko upande wa migunga, mikenge na mnyasa, *Newtonia buchananii*. Mwavi nao una jani la aina hiyo, lakini tezi hizo hauna.

Likigawanyika mara moja tu, tazama mwisho wa uti. Vijani vikienda kwa jozi na mwisho pasiwe na kijani cha pekee, huku vichipukizi vya maua vikiwa vimefunikwa na vikombe viwili vilivyokutana, fikiria Detarioideae. Hii ndiyo fahari ya misitu yetu, na sehemu kubwa ya spishi zake duniani ni za Afrika. Ndimo walimo mkwaju, mkongo, mrihi na *Cynometra* za pwani, pamoja na *Englerodendron usambarense* wa Usambara, ambao jenasi yake imebeba jina la Adolf Engler. Ndimo alimo pia msandarusi, *Hymenaea verrucosa*, wenye vijani viwili tu kwa kila jani na ganda lenye vinundu lisilopasuka lenyewe. Jenasi yake karibu yote iko Amerika ya kitropiki, na huyu ndiye mwakilishi wake pekee Afrika. Sandarusi iliyopita bandari ya Bagamoyo katika karne ya 19 kwenda kutengenezwa vanishi ilikuwa utomvu wake, na ile bora ilichimbwa ardhini.

Mwisho wa uti pakiwa na kijani cha pekee, una njia mbili. Ua lenye umbo la kipepeo, lenye petali moja kubwa iliyosimama kama tanga, ni la Papilionoideae: mpingo, mninga na *Millettia*. (*Millettia sacleuxii* wa vilima vya Usambara umepewa jina la padri Charles Sacleux wa misheni ya Bagamoyo, ambaye alikusanya mimea na pia akatunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa.) Ua dogo lisilo na madoido, lenye stameni mara nyingi mbili tu, na tunda dogo la mahameli lenye nyama tamu, ni la Dialioideae, yaani mpepeta na ndugu zake. Bila ua wala tunda makundi haya mawili huchanganywa hata na wazoefu. Mimi hukataa kutoa jina hadi nirudi na ua mkononi.

Hatua ya tano: andika jina jipya pamoja na la zamani

Migunga yote uliyofundishwa kuiita *Acacia* ilibadilishwa majina baada ya maamuzi ya mikutano ya wanabotania ya Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011. Kwa jumla, yenye miiba mirefu iliyonyooka miwili miwili ni *Vachellia*, na yenye miiba mifupi iliyopinda kama ndoana ni *Senegalia*. Msandarusi nao kwenye kumbukumbu za kale ni *Trachylobium*. Ukiandika jina jipya peke yake, hutaweza kulinganisha msitu wa leo na orodha za zamani.

Hatua ya sita: mbegu

Chuma kutoka miti mama isiyopungua 15, na ukiweza 30, iliyoachana kwa mita 100 hivi, ili usijikute umepanda ndugu watupu. Mbegu ya mkongo, ile nyeusi yenye kofia nyekundu, ivue kofia, ikwangue ganda upande ulio mbali na kiini, kisha iloweke usiku mmoja. Za migunga hufaa kumwagiwa maji yaliyotoka kuchemka na kuachwa humo yapoe. Mpingo una ganda jembamba na hauhitaji mateso hayo. Mbegu laini na zenye maji za msitu wa mvua usizitie kwenye kopo la akiba; zipande wiki hiyohiyo.

Hatua ya saba: udongo wa kiriba

Hapa ndipo uainishaji unapolipa. Wengi huamini kwamba kila mkunde hutengeneza nitrojeni yake kwa vinundu vya mizizi. Mpingo, mninga na migunga hufanya hivyo, lakini Detarioideae karibu zote hazina vinundu. Mkongo, mrihi na *Isoberlinia* hutegemea kuvu maalumu wanaovisha mizizi, na kuvu hao hawamo katika mchanga wa mtoni wala samadi. Mimi huchanganya debe moja la udongo wa juu kutoka chini ya mti mama na madebe tisa ya udongo wa kawaida. Msandarusi na mkwaju haitaki udongo maalumu, kwani kuvu wao hupatikana karibu kila mahali.

Hatua ya nane: kupanda, sheria na kufuatilia

Panda mwanzoni mwa masika. Kwa mninga, usifanye kosa langu: kiangazi cha kwanza miche yangu ilikauka hadi chini, nikamwaga viriba, kumbe mizizi ilikuwa hai, kwa kuwa mninga mchanga hufa juu kila mwaka kwa miaka kadhaa huku ukikuza mzizi.

Kijiji kinaweza kutenga msitu wake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na orodha yenye vielelezo huipa hoja hiyo uzito. Kumbuka pia kwamba mpingo uko katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, tangu Januari 2017, na mkongo na mninga tangu Februari 2023. Mzigo wa kuvuka mpaka bila kibali chake ni haramu. Kila mche upe namba ileile ya kielelezo cha mti mama, na urudi kuuhesabu baada ya vuli.