Kabla hujamlipa kocha, kaa naye kwanza
Unatafuta kocha wa kazi, biashara au mazoezi? Usianze na bei wala vyeti. Omba mazungumzo ya nusu saa, kisha jipime: umeweza kumwambia lile linalokutia aibu? Usipomwamini utamficha mambo, naye atabaki kumshauri mtu asiye wewe. Halafu andika lengo kwa maneno yako mwenyewe. Lengo ulilopachikwa na bosi au mwenza huishiwa nguvu mapema. Mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, Eliud Kipchoge, akiwa kijana, ndiye aliyemfuata Patrick Sang, aliyekuja kuwa kocha wake, kuomba programu ya mazoezi, akaimaliza, akarudi kuomba nyingine. Kiu ilikuwa yake. Na kocha akikukwaza, mwambie siku hiyo hiyo, usisubiri kinyongo kikomae.