Kuunganisha kanisa na watafiti wa chuo kikuu kwenye mambo ya afya: anzeni hivi

Wengi wanadhani kazi inaanza siku watafiti wanapokuja kanisani na fomu zao. Hapo mmeshachelewa, maana swali la utafiti wameshaliandika, bajeti imeshapita, nyie mnabaki wa kutoa matangazo tu. Mimi naratibu afya kanisani kwetu huku Kanda ya Ziwa na kanisa lazima liwepo kabla swali halijafungwa.

Hatua ya 1: wasikilizeni waumini. Kaeni na akina mama, vijana, kwaya, wazee, kila kundi kivyake, muwaulize nini kinawasumbua. Wanaume wasikilizeni peke yao, mkiwachanganya na wake zao hawasemi kitu. Andikeni yote, hiyo karatasi ndo mtaji wenu mkienda chuoni.

Hatua ya 2: tafuteni mtafiti. Vyuo vya afya vipo: Mwanza kuna CUHAS pale Bugando, Moshi KCMC, Dar MUHAS (Muhimbili). Nendeni idara ya afya ya jamii moja kwa moja. Mkishampata mleteni ibadani kama mgeni, asalimie waumini, hayo ya kikao yaje baadae. Na mganga mkuu wa wilaya apewe taarifa mapema.

Hatua ya 3: makubaliano ya maandishi. Taarifa za waumini anatunza nani, mashine za kupimia zinabaki wapi, wahudumu wa kanisa wanaoacha shamba na biashara wanalipwa posho gani (mimi nasema walipwe kama wasaidizi wengine wa utafiti), matokeo yanarudi lini. Kibali cha maadili ya utafiti, cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) au cha kamati ya chuo, ombeni mkione kwa macho. Halafu mchungaji asisimame madhabahuni akaagiza kila mtu apime, aseme tu huduma ipo na anayependa akaribie, maana mtu akisaini kwa kumuogopa mchungaji hiyo sio ridhaa.

Hatua ya 4: fundisheni pamoja. Kuna utafiti wa tohara uliofanyika vijijini kaskazini magharibi mwa Tanzania, matokeo yakatoka 2017. Viongozi wa makanisa walipewa semina ya siku moja na wafundishaji walikuwa wawili, mchungaji na mtaalamu wa afya, wote Watanzania. Vijiji vyenye semina wanaume karibu asilimia 53 walitahiriwa, kule kwingine karibu asilimia 30, na huduma ya tohara ilikuwepo pande zote. Watu walikuwa na maswali ya imani ambayo daktari peke yake asingeyajibu, na mchungaji peke yake asingejibu ya kitabibu.

Hatua ya 5: siku ya kupima presha, na hapa naomba muwe makini sana. Mtu ametoka kuimba na kucheza, ukimfunga mashine papo hapo inasoma juu na unamtisha bure. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, miguu chini asikunje nne, asiongee, mkono uwe usawa wa moyo juu ya meza, na joho la kwaya avue kwasababu kile kitambaa cha mashine kinafungwa kwenye mkono mtupu. Pimeni mara mbili. Ikiwa 140/90 au zaidi apewe karatasi ya kwenda zahanati akapimwe tena siku nyingine, ikifika 180/120 anapumzishwa na kupimwa tena, ikibaki hukohuko anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwahiyo usafiri uwe umeshaandaliwa. Na namba za mtu zisitajwe kwa sauti wala asiombewe kwa jina mbele ya watu kama hajaomba mwenyewe, chumba cha sunday school kikifungwa mlango kinatosha.

Hatua ya 6: matokeo yarudi. Watafiti waje wenyewe wasome kwa Kiswahili baada ya ibada, ukurasa mmoja, waumini waulize maswali mpaka waishiwe, ndipo mkae tena na wazee wa kanisa kuamua swali linalofuata.