Mwizi kaingia ndani: lini nguvu ya kuua ina haki, na lini umevuka mpaka

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, korosho zikiwa zimeanikwa uani na magunia yakisubiri kupelekwa ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nyumba nyingi za Tandahimba, Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, huwa na mali kuliko miezi mingine. Upande wa Ruangwa, Nachingwea na Kilwa, ufuta huleta hali hiyohiyo katikati ya mwaka. Wezi wanaijua kalenda hii sawasawa na wakulima. Basi swali hurudi kila msimu: mtu akinivunjia mlango saa nane usiku, naweza kumuua?

Unaweza kutumia nguvu ya namna hiyo pale tu uhai au mwili wa mtu unapokuwa hatarini wakati huohuo, na huna njia nyingine ya kuuokoa. Mlango uliovunjwa peke yake hautoshi. Gunia la korosho halitoshi kabisa. Mchana kila mtu anakubali maneno haya. Kazi ni kuyapima gizani, moyo ukienda mbio.

Angalia yuko wapi na anafanya nini

Mtu aliye uani akipakia korosho kwenye pikipiki ni mwizi wa mali. Piga kelele, washa taa, ita majirani. Kumrukia na panga kwa ajili ya gunia ni kubadilisha wizi kuwa mauaji, na mara nyingi anayekufa ni mwenye nyumba, kwa sababu wezi huja zaidi ya mmoja na yule wa pili amesimama gizani.

Aliye sebuleni anachukua televisheni naye bado yuko kwenye mali, ila sasa hujui nia yake. Hapa ndipo sauti inapofanya kazi: mwambie ukiwa nyuma ya mlango uliofungwa kwamba umeshamsikia, umepiga simu, atoke. Wengi hutoka. Asiyetoka, akaja kwenye mlango wa chumba mlimolala na watoto, akaanza kuupiga kwa mtalimbo, amekuonyesha nia yake mwenyewe. Akiingia na silaha mkononi, au akamshika mtu wa nyumbani, mpaka umefika: mzuie kwa nguvu inayohitajika kumzuia, hata kama nguvu hiyo inaweza kumuua.

Halafu kuna dakika ambayo watu wengi huharibikiwa. Amepigwa, ameanguka, ameangusha panga lake. Au amegeuka anakimbilia dirishani. Hatari imekwisha, na pigo lolote linalofuata ni kisasi. Jeraha la kisogoni kwa mtu aliyekuwa anakimbia litaandikwa na daktari kwenye ripoti ya uchunguzi wa maiti, na kulieleza mahakamani ni kazi ngumu mno.

Kabla ya yote hayo, jua ni nani. Anayepapasa gizani anaweza kuwa kijana wako aliyetoroka kwenda kwenye ngoma na sasa anarudi kwa dirisha, mlevi aliyekosea nyumba, au mgonjwa wa akili. Anayekutwa uchi uani alfajiri huitwa mchawi papo hapo, akapigwa hadi kufa. Uchawi unaodhaniwa si shambulio mbele ya sheria, na mtu wa namna hiyo mara nyingi anahitaji hospitali. Mmulike usoni kwa tochi, muulize jina. Sekunde tatu zinatosha kujua kama ni shemeji.

Sheria inasemaje hasa

Haki ya kujilinda imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C. Sheria zikifanyiwa urekebu namba huweza kubadilika, kwa hiyo ukienda kwa wakili taja jambo lenyewe kuliko kukariri namba. Kifungu cha 18A kinakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine, na kulinda mali yako au ya mwingine. Cha 18B kinaweka kipimo: nguvu ya kiasi, ile inayohitajika kwa ulinzi huo tu. Ukizidisha na mtu akafa, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Kifungu cha 18C ndicho kinachosomwa vibaya vijiweni. Kinataja hali ambazo haki ya kujilinda inaweza kufika hadi kusababisha kifo: hofu ya msingi ya kuuawa au kuumizwa vibaya, ubakaji, utekaji, na pia uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi na uchomaji moto. Watu wakisikia "kuvunja nyumba usiku" wanahitimisha kwamba aliyevunja ni halali kuuawa. Hawamalizii sentensi. Kifungu hichohicho kinataka uwe umetenda kwa nia njema, ukiamini kwa dhati, kwa sababu za msingi, kwamba kitendo chako kilikuwa cha lazima. Ile "lazima" ndiyo itakayochambuliwa: mlango wa nyuma ulikuwa wazi? Majirani walishafika? Alikuwa na nini mkononi?

Na kama ikionekana hukuwa unajilinda hata kidogo, shtaka linakuwa kuua kwa kukusudia. Hilo halina dhamana, husikilizwa Mahakama Kuu, na adhabu yake ni kunyongwa. Hata anayeachiwa huru mwishoni huwa ameshakaa mahabusu akisubiri upelelezi na kikao, shamba likiota majani.

Mahakama ya Rufani imezoea kusoma nia ya mtu kwa vitu vinavyoonekana: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno yaliyosemwa kabla na baada, na mwenendo wa mtu baadaye. Pigo moja la fimbo kwenye mkono ulioshika kisu linasimulia jambo moja. Mapanga sita shingoni yanasimulia jingine, hata kama usiku ulikuwa uleule na mwizi alikuwa yuleyule.

Kwa waumini, hali haipingani sana na hapo. Mafakihi wa Shafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani hii, hufundisha kumzuia mvamizi kwa daraja: maneno, kuomba msaada, mkono, fimbo, kisha silaha, la chini likitosha, la juu ni haramu. Hadithi ya kwamba anayeuawa akilinda mali yake ni shahidi haifuti daraja hizo. Kwa Wakristo, Kutoka 22:2-3 inatenganisha usiku na mchana: anayempiga mwizi usiku akafa hana hatia ya damu, lakini jua likishachomoza hatia ipo. Tunavyoona, sababu ni ileile ya kifungu cha 18C: usiku huwezi kujua amekuja kuiba au kuua. Ukishamwona na kumtambua, udhuru huo unapungua.

Kazi ya kufanya kabla ya msimu

Anayelazimika kuamua kuua au kutoua mara nyingi ni yule ambaye mlango wake ulifunguka kwa teke moja. Fedha kidogo ya fundi hukuondolea uamuzi huo.

Anza na mlango wa chumba cha kulala, siyo wa mbele. Huu ndio ngome yenu ya mwisho. Weka makomeo mawili ya chuma upande wa ndani, moja juu na moja chini. Skrubu ziwe za inchi 2 au zaidi ili ziingie kwenye fremu yenyewe. Zile fupi zinazouzwa pamoja na komeo hung'oka na kipande cha mbao. Bawaba ziwe ndani. Fremu ishikwe ukutani kwa vyuma na saruji. Fremu iliyobanwa kwa misumari miwili hutoka nzima nzima na mlango wake.

Nondo za dirisha ziwe za milimita 12 na ziingie ndani ya ukuta. Zilizochomelewa kwenye fremu nyepesi hupinda kwa mtalimbo. Lakini dirisha moja la chumba liwe na nondo za kufunguka kwa kufuli la ndani, ufunguo ukae mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki, na kila mtu mzima nyumbani apajue. Moto nao huja usiku.

Nyumba za miti na udongo zina tatizo lake: mwizi haangaiki na mlango, anatoboa ukuta chini. Jengea mawe na saruji kwa nje hadi nusu mita kutoka ardhini, na magunia yakae chumba cha katikati, kisicho na ukuta wa nje. Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita huwekwa juu kwenye kona, mkono usikofika. Wengi hapa hawafugi mbwa kwa sababu za dini. Kanga hufaa, maana hupiga kelele mtu mgeni akikaribia, ingawa na wewe utalala kwa shida wiki ya kwanza.

Hela ya mauzo ibaki benki au kwenye simu. Na simu hiyo isilale sebuleni ikichaji! Ikae kitandani, imejaa chaji, na namba 112 ya polisi, ya kituo cha karibu, ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na za majirani wawili wanaoamka.

Kubalianeni nyumbani: anayechelewa kurudi hupiga hodi na kutaja jina, hata kama ana ufunguo. Watoto wakisikia kishindo wanakimbilia chumba kimoja kilichotajwa, hawatoki kuchungulia.

Kuhusu silaha: panga chini ya kitanda lina sifa kuliko faida. Ndani ya korido nyembamba na giza hukata wa nyumbani, na likinyang'anywa limeshakuwa la mwizi. Mpini mrefu au fimbo nzito hukuweka mbali naye, na mapigo yalenge mikono na miguu. Gobore ni baya zaidi: lina mlio mmoja, kulipakia upya huchukua muda, marisau hutawanyika na kumfuata hadi aliyelala upande wa pili, na kulimiliki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Utakwenda kujieleza kwa mauaji ukiwa tayari na kosa la silaha.

Mitego usiiweke kabisa. Waya wa umeme wa nyumbani, volti 230, ukifungwa kwenye geti au dirisha hauchagui: mtoto wa jirani anayefuata mpira atashika palepale mwizi alipotarajiwa kushika. Nawe wakati mtego unaua umelala, hakuna aliyekutisha, hivyo utetezi wa kujilinda haushiki. Gobore la kutegwa kwa kamba na sumu iliyoachwa kwenye chakula ni vilevile.

Usiku wenyewe

Amka, usitoke. Kusanya watu chumba kimoja, funga makomeo yote mawili. Piga simu: 112, kisha mwenyekiti, kisha jirani. Sema jina lako, kijiji, alama iliyo karibu, na wamo wangapi kadiri unavyosikia. Ndipo upige kelele na sufuria au filimbi.

Chagua maneno ya kelele hizo. Ukipaza "mwizi!" unaita watu waje kuua. Ukipaza "jamani tumevamiwa kwa fulani, njooni!" unaita msaada, na unawaambia waje wapi. Tofauti ni ndogo mdomoni lakini tumeona inavyobadilisha kundi linalofika. Kisha mwambie aliye ndani atoke, na mwachie njia. Mwizi uliyemzibia mlango hupigana kama asiye na cha kupoteza.

Akikamatwa akiwa hai

Raia ana haki ya kumkamata anayetenda kosa mbele yake, na wajibu wa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Mfunge mikono, mkalishe chini, mpekue silaha, na wazee wawili wasimame kati yake na vijana. Atakayesema "tairi" aondolewe mapema, kwa sababu baada ya mtu wa kwanza kupiga hakuna anayesikiliza. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali". Hao hawana jina wala anwani. Wewe unavyo vyote, na maiti ikikutwa mlangoni pako polisi wataanza na wewe. Kushiriki kumpiga mtu aliyefungwa hakuna utetezi wowote, kisheria wala kidini.

Akijeruhiwa au akifa

Ukishamzuia, anakuwa majeruhi, na kumhudumia ni sehemu ya kuthibitisha kwamba hukutaka kuua. Gandamiza jeraha kwa kanga safi bila kuachia. Kama hana fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu. Tafuta usafiri wa kwenda hospitali, na polisi watatoa PF3, ile fomu yao ya majeruhi kupata matibabu.

Usisogeze silaha yake wala yako. Usioshe sakafu, usirudishie mlango uliovunjwa mpaka upigwe picha: huo mlango ndio shahidi wako mkubwa. Andika saa ulizopiga simu na majina ya waliofika kwanza. Usikimbie kijiji, hata ndugu wakikushauri. Kutoroka huhesabiwa dhidi yako.

Kituoni utaulizwa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa ambayo huandikwa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuyatoa, na ni busara kusema utajieleza akifika. Asiye na uwezo wa kulipa aulize wasaidizi wa kisheria wa wilaya, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Maelezo yawe ya ulichoona na ulichoogopa kwa mpangilio wake: alikuwa na nini, alisema nini, wewe ulikuwa wapi, watoto walikuwa wapi, ulipiga mara ngapi na kwa nini uliacha. Usijiongezee ushujaa. Sentensi kama "nilimfundisha adabu" ikishaandikwa na kusainiwa itasomwa tena mbele ya jaji, na jukumu la kuthibitisha kosa, ambalo sheria imeliweka kwa upande wa mashtaka, utakuwa umewapunguzia kwa mkono wako mwenyewe.