SOMO: Viazi alizeti (artichoki ya Yerusalemu), kuanzia kupanda hadi kuchimba baridi nzima

Wakuu, swali la "navihifadhije?" nimelijibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Jina kwanza. Mmea huu hauhusiani na Yerusalemu, wala si artichoki. Ni ndugu wa alizeti, asili yake Amerika Kaskazini. Mvumbuzi Mfaransa Samuel de Champlain aliwakuta wenyeji wa huko wakiulima mwaka 1605. Mimi nauita kiazi alizeti: juu alizeti, chini kiazi.

1. Panda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, barafu ikishatoka udongoni. Kiazi kidogo kizima, au kipande chenye macho mawili matatu. Kina cha shimo sm 10 hadi 15, mche hadi mche sm 40, mstari hadi mstari kama mita moja.

2. Chagua kona ambayo huna mpango nayo tena. Sitanii. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kikisahaulika ardhini, mwakani kinaota. Na kwa kuwa mmea hufika mita 3, usiuweke mahali utakapoyanyima mazao mengine jua.

3. Palilia ukiwa mdogo. Ukishafika kiunoni, magugu hayauwezi.

4. Jalidi (umande ulioganda) ikishaua majani, ngoja wiki mbili hivi, kisha kata mashina yabaki sm 15. Usiyakate yangali mabichi, kwani chakula kilichomo ndicho kinachoshuka viazini. Visiki viache, ndiyo alama yako theluji ikifunika kila kitu.

5. USICHIMBE VYOTE. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilivichimba vyote siku moja, nikaviosha vikang'aa, nikavitia kwenye gunia na kuliweka ghalani kama viazi mviringo. Haikupita wiki mbili vikawa laini kama mpira uliotoka upepo, na vya chini vimeota ukungu. Ganda la kiazi hiki ni jembamba mno, maji yanatoka upesi. Ghala lake ni udongo. Baridi haikiui kikiwa ardhini. Anayeshindwa na udongo ulioganda ni wewe na jembe lako. Kwa hiyo kabla ya baridi kali, funika tuta kwa majani makavu au nyasi, unene wa sm 30, ukipitiliza sm 50 kila upande. Weka kitu kizito juu, upepo usiyachukue. Mwaka wa pili nilifunika unene wa kiganja kimoja tu, nikajikuta nagonga ardhi kama naponda mawe.

Onyo: panya nao wanapenda chini ya matandazo. Ukiona mashimo, anza kuchimba upande huo.

6. Kila unapohitaji, funua sehemu, ingiza jembe uma mbali kidogo na kisiki, inua, chukua vya siku mbili tatu, funika tena. Malizia kabla havijaanza kuchipua.

MASWALI

Mdau: Mkuu, nimechimba vyote jana, niweke wapi?
Jibu: Hatua ya 5, maneno mawili ya kwanza, herufi kubwa. Haya, ulivyokwisha chimba usivioshe. Vifukie kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu, mahali pa baridi.

Mdau: Unapandwa mwezi gani?
Jibu: Hatua ya 1.

Mdau: Sijauliza kwa ubaya mkuu, mwezi ndio sijaona.
Jibu: Sikutaja mwezi kwa sababu baridi haiishi siku moja kila mahali. Tia kidole udongoni.

Mdau: Kwa nini vya katikati ya baridi ni vitamu kuliko vya kwanza?
Jibu: Swali zuri hili. Viazi hivi haviweki wanga kama viazi mviringo, vinaweka inulini, ambayo ni mnyororo wa sukari ya matunda. Baridi ikiendelea, minyororo inakatika vipande vifupi na sukari huru, ndiyo utamu unaouonja. Inulini hiyohiyo tumbo haliimeng'enyi; bakteria wa utumbo mpana ndio wanaoila na kutoa gesi. Anza na viwili vitatu, usijaze sahani siku ya kwanza.

Mdau: Mimi navichemsha na maji ya limau, gesi inapungua.
Jibu: Ni kweli, asidi na moto huvunja sehemu ya inulini. Limau pia huzuia vilivyomenywa kuwa vyeusi.

Mdau: Kumenya ndiyo kazi, vinundu kila mahali!
Jibu: Usimenye, sugua kwa brashi. Au tafuta aina ya Fuseau, ni ndefu na laini.

Mdau: Mashina makavu mnatupa? Mimi yananitegemezea maharage.
Jibu: Hilo sijawahi kujaribu. Yanadumu msimu mzima?