Kuhakiki nyaraka za PostgreSQL: endesha kwanza, sahihisha baadaye

Juzi nilimsaidia mwenzangu anayeanza kuchangia PostgreSQL, mfumo huria wa hifadhidata. Alikuwa amejaza orodha ndefu ya koma na tahajia, ilhali amri zilizomo kwenye ukurasa hakuzigusa hata moja. Nimwandikie yeye na wengine utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1. Vuta msimbo kwa `git clone`, kisha ingia `doc/src/sgml`, folda ya nyaraka. Usidanganywe na majina ya faili: yanaishia na `.sgml`, lakini tangu toleo la 11 ndani ni DocBook XML (muundo wa kuandikia nyaraka kwa tagi), kwa hiyo kila tagi sharti ifungwe.

Hatua ya 2. Chagua ukurasa mmoja.

Hatua ya 3. Endesha kila mfano. Hapa ndipo saa zinapopotelea.

Anza na toleo. Nyaraka za tawi la `master`, yaani msimbo unaoendelea kuandikwa, zinaeleza toleo ambalo bado halijatoka. Ukizipima kwa seva ya zamani, utaripoti kasoro zisizokuwepo. Mfano ni `hash_mem_multiplier`, mpangilio wa kumbukumbu ya seva: thamani yake ya awali ilikuwa 1.0 katika matoleo ya 13 na 14, ikawa 2.0 kuanzia la 15. Wasomaji wawili wanaweza kubishana na wote wakawa sahihi. Mimi hujenga seva kutoka msimbo uleule ninaousoma, halafu nathibitisha kwa `SHOW server_version;`.

Tumia `psql`, programu ya kuandikia seva amri. Programu za kubofyabofya sizitaki kwa kazi hii, maana baadhi hufungua muamala (kundi la amri linalofaulu au kushindwa kwa pamoja) bila kukuambia, na `CREATE INDEX CONCURRENTLY` hugoma ndani ya muamala. `VACUUM` nayo vivyo hivyo. Hata `psql` ina mtego wake: amri mbili ndani ya `-c` moja hutumwa kwa mkupuo na kuhesabiwa muamala mmoja. Ziweke kwenye faili, kisha:

`psql -X -v ON_ERROR_STOP=1 -f mfano.sql jaribio`

`-X` huacha kando mipangilio yako binafsi. Bila `ON_ERROR_STOP`, faili huendelea hata baada ya kosa, nawe ukitazama mstari wa mwisho tu utadhani mambo yamekwenda sawa.

Hifadhidata ya `jaribio` iwe tupu. Mfano ukilalamika kwamba jedwali halipo, tafuta lilikoundwa. Katika mafunzo ya mwanzo, yanayosomwa kwa mfuatano, si kosa jedwali la `weather` kuundwa ukurasa mmoja na kutumika unaofuata. Katika ukurasa wa rejea ni kosa, kwa sababu msomaji hutua hapo moja kwa moja.

Hatua ya 4. Sasa soma sentensi. Kwenye kila namba uliza: ni kwa kila nini? `work_mem`, kiasi cha kumbukumbu ya kazi, ni 4MB kwa chaguo-msingi, na wengi huichukulia kuwa kikomo cha muunganisho mzima. Kumbe ni kwa kila operesheni ya kupanga data kwa mfuatano (sort) au ya jedwali la hashi, na swali moja laweza kuwa na kadhaa kwa pamoja. Nyaraka zinalisema hilo, ila mtu mwenye haraka hunyakua namba na kuondoka. Kwa maoni yangu, onyo la namna hiyo likae jirani kabisa na namba yenyewe.

Hatua ya 5. Endesha `make check` ukague tagi, halafu `make html`, uone ukurasa kwenye kivinjari.

Hatua ya 6. Tengeneza kiraka (faili la mabadiliko yako) kwa `git format-patch`. Marekebisho ya tahajia yawe na kiraka chao, na yale ya maana ya sentensi yawe na chao. Kwenye maelezo taja toleo, amri uliyoendesha na jibu ulilopata.